Nilikuwa kwenye miksa (meza ya kurekebisha sauti) usiku wa roki hapa Tabora: kikundi cha kutangulia hakistahili kulipwa soda

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Naandika kwa simu, mtanivumilia herufi zikiruka. Uzi utakuwa mrefu kidogo, nitauweka kwa vipande.

Mimi ni fundi sauti hapa Tabora mjini. Kazi zangu nyingi ni harusi, sendoff, mahafali na mikutano ya injili. Jumamosi iliyopita nikapata kazi ambayo tangu nianze kubeba spika sijawahi kuipata: onyesho la roki. Siyo bongofleva iliyowekewa gitaa kwa mbali. Roki yenyewe, magitaa mawili ya umeme, besi na dramu, hakuna kinanda wala biti ya kompyuta. Kabla yao kilipangwa kikundi cha kutangulia cha watu watatu: kijana mwenye gitaa kavu, dada anayeimba huku anapiga manyanga, na mzee mwenye zeze. Nyimbo zao ni za jadi za Kinyamwezi, ila kijana anazipigia gitaa kwa mapigo ya roki.

Nalisema neno langu mapema ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nalo. Kikundi cha kutangulia ndicho kinachofungua masikio ya watu. Ukikipa sauti mbovu na soda, umeshaharibu onyesho zima, hata la huyo mkubwa uliyemsubiri.

Kwa wasiofahamu, roki wanayopiga hawa vijana wenyewe wanaiita indi, yaani ya kujitegemea. Mwanzoni neno hilo halikuwa jina la mtindo wa muziki, lilihusu nani katoa hela. Kule Manchester, Uingereza, kundi la Buzzcocks lilirekodi nyimbo nne mwishoni mwa Desemba 1976 kwa pauni 500 za kukopa, likaanzisha lebo yake lenyewe ya New Hormones, na Januari 1977 sahani ikatoka. Nakala 1,000 za kwanza ziliisha zote. Vijana wa miji mingine wakaona kumbe kampuni kubwa za London siyo mlango pekee. Hawa wa kwetu wamefanya vilevile bila kusoma hadithi hiyo popote. Mmoja ni fundi baiskeli, mmoja mwalimu wa sekondari, mmoja yuko kwenye ghala la tumbaku, na mpiga dramu ni yule anayepiga kanisani. Wamechangishana kila mwezi kama watu wa vikoba mpaka wakanunua amplifaya mbili za mtumba. Ukumbi wamekodi wenyewe, matangazo wamebandika wenyewe usiku kwa uji wa ngano.

Sasa kilichoniudhi. Siku ya kupanga ratiba nilioneshwa karatasi. Upande wa bendi kuu imeandikwa saundi cheki (kujaribu sauti kabla ya onyesho) saa nane hadi saa kumi na moja, chakula, mgawo wa mlangoni. Upande wa kikundi cha kutangulia kuna mstari mmoja tu: "Dakika 20. Soda."

Niliuliza, na saundi cheki yao je? Nikajibiwa, "Fundi, hao si wana zeze tu, utawawekea maiki."

Naendelea.

Mdau wa Igunga

Ngoja nivute kiti. Ila mkuu, roki na Tabora wapi na wapi? Huku kwetu ni ngoma na bongofleva. Roki mimi naonaga ni makelele ya Wazungu, hata wanachoimba sikielewi.

Mleta uzi

Mkuu wa Igunga, swali lako ni la msingi na nakujibu kwa heshima. Gitaa la umeme siyo mgeni hapa. Mji huu ulikuwa na bendi tatu kubwa za gitaa kwa wakati mmoja, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids ya mzee Salum Zahoro. Uliza mtu yeyote wa umri wa baba yako atakwambia. Western Jazz ya Dar es Salaam jina lake lina asili ya huku kwetu, Jimbo la Magharibi. Gitaa la solo lilikuwa linalia Tabora kabla baadhi ya mikoa haijawa na bendi hata moja.

Reli nayo ilisaidia. Ilifika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914, na baadaye wapigaji wakawa wanapanda na kushuka nayo. Marehemu Shem Karenga, aliyetutoka 2014, alianzia Kigoma kwenye Lake Tanganyika Jazz kabla ya kuja kung'ara Tabora Jazz. Kwa hiyo tukimwona kijana wa Isevya amevaa gitaa la umeme, tusimwone kama mtu aliyeiga kitu cha runinga. Hiyo ni kazi ya babu zake aliyoikuta imelala.

Kuna jingine nalipenda sana. Wazee wetu walilijua gitaa kavu kwa jina la galatoni. Jina hilo ni la Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini na kusambaa mpaka Kongo na huku kwetu. Basi gitaa la kwanza la John Lennon, kabla Beatles haijazaliwa, lilikuwa Gallotone hiyohiyo, imetoka Durban, na ndani ina kikaratasi cha kuahidi kwamba halipasuki. Ndilo alilopiga Julai 1957 kwenye sherehe ya kanisa Liverpool, siku aliyokutana na Paul McCartney. Gitaa la kijana wa Liverpool na gitaa la fundi cherehani wa Tabora vilitoka kiwanda kimoja. Nani kamwiga nani?

Na roki ya Kiafrika siyo ya juzi. Dar es Salaam miaka ya 1970 ilikuwa na Sunburst, bendi iliyochanganya magitaa ya roki na midundo ya huku, ikaja kuhamia Zambia. Zambia yenyewe ilikuwa na WITCH na Ngozi Family, roki ya mkwaruzo kabisa.

Hilo la kutoelewa wanachoimba nakubaliana nawe, linakera. Ila hawa wa juzi wameimba Kiswahili mwanzo mwisho. Wana wimbo wa mama anayeuza karanga stesheni, anayejua treni imechelewa kabla ya mkuu wa stesheni kutangaza. Niliona watu wanafuta macho kwenye huo wimbo, na gitaa lilikuwa linanguruma kama mashine ya kusaga.

Mdau wa Kigoma, Mwanga

Shikamoo kwa wakubwa walio humu. Umenigusa fundi. Baba yangu alikuwa anafanya kazi bandarini hapa Kigoma, na mwisho wa mwezi walikuwa wanajua bendi gani iko Tabora wiki ile kwa kuwauliza wafanyakazi wa treni. Alinihadithia kwamba nyuzi za gitaa zikikatika walikuwa wanafumua waya wa breki ya baiskeli, wanatoa uzi mmoja wa ndani, wanafunga, wanaendelea na dansi. Vidole vilikuwa vinatoka damu lakini wimbo haukatiki.

Nikuulize kitu kimoja. Zeze ni chombo cha sauti ya ndani sana. Babu yangu Kasulu alikuwa anapiga jioni, ukikaa hatua kumi tu unasikia nusu. Umewezaje kuliweka kwenye spika? Mimi nimeona mara nyingi wazee wanaalikwa kwenye sherehe za serikali, wanapiga, watu wanaona mikono inacheza na hakuna kinachosikika.

Mleta uzi

Mkuu wa Mwanga, marahaba, na hapo ndipo penyewe. Kipande hiki ndicho kilichonifanya nianzishe uzi.

Ijumaa asubuhi nilimfuata mzee nyumbani kwake kwa baiskeli. Nilitaka nilione zeze kabla, maana niliogopa yaleyale unayoyasema. Akanipokea kwa mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, akanipa kigoda, akalitoa ndani limefungwa kwa kitenge. Ni ubao mwembamba wa kama mkono, nyuzi zimepita juu, na chini kuna kibuyu kilichokatwa mdomo. Anapopiga, mdomo wa kibuyu anauweka kifuani, upande wa kushoto. Nilidhani anakiegemeza tu ili kisianguke. Kumbe kifua ni sehemu ya chombo. Akikibana kwenye ngozi sauti inakuwa nzito na fupi. Akikiachia upana wa kidole, sauti inafunguka, inatoa kitu kama "wooo". Anafanya hivyo ndani ya noti moja. Mkono unapiga, kifua kinaimba.

Maiki peke yake haitoshi kwenye ukumbi wenye spika kubwa. Ukiipandisha mpaka zeze lisikike, maiki inasikia na spika, spika inarudisha kwenye maiki, na mzunguko huo ndio ule mluzi mnaoujua. Kwa hiyo nikatumia njia ya mafundi: kile kisahani chembamba cha shaba kinachokaa ndani ya vikengele vya umeme na saa za mlio. Ukikigandisha kwenye mbao kinageuza mtikisiko kuwa umeme, hakisikii hewa wala spika. Kina tatizo lake. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye miksa sauti inakuwa nyembamba kama bati, besi yote inapotea, kwa sababu umeme wake ni dhaifu mno na miksa inaunyonya. Dawa ni kukipitisha kwanza kwenye pedali ya gitaa, kile kiboksi cha kukanyaga kwa mguu. Nikaazima pedali moja ya mpiga solo yenye betri ya volti 9, nikaiacha bila kuiwasha, inapitisha tu. Siyo pedali zote zinafaa kwa hilo, lakini hiyo ilifaa.

Nikatoa gundi. Mzee akaushika mkono wangu. "Gundi hapana, kijana wangu. Hii imeshikwa na baba yangu." Nikatoa utepe, akaukataa nao. Akaingia ndani akarudi na donge la nta ya nyuki, hii ya mizinga yetu ya Sikonge, akalipasha kiganjani mpaka likalainika, akakigandisha kisahani mwenyewe chini ya ubao. Wakuu, imeshika kuliko gundi yoyote niliyowahi kutumia na haijaacha alama. Nimefanya kazi hii miaka yote kwenye mkoa wa asali na sikuwahi kuiwazia nta.

Jumamosi ikafika. Spika tulizokodi zilichelewa, mwenye nazo alizipeleka kwanza kwenye shughuli nyingine, zikaja saa tisa unusu. Bendi kuu ikachukua muda wote uliobaki. Saa kumi na mbili na nusu watu wanaingia, kikundi cha kutangulia hakijagusa hata maiki. Nilisema nitawarekebisha humohumo kwenye wimbo wa kwanza. Hilo ni kosa langu na nalikiri hapa.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Kisahani kinafanya kazi, zeze linasikika ukumbi mzima, halina mluzi. Namwangalia mzee, naona kifua kinafunguka na kufunga, lakini kwenye spika ile "wooo" hakuna. Kisahani kinachukua mbao, hakichukui pumzi ya kibuyu. Nilichokuwa nawapa watu ni mifupa ya zeze. Nikapandisha maiki ya kifuani ili niipate hiyo pumzi, mluzi ukaja, mkali, watu wakaziba masikio. Vijana wa nyuma wakaanza kupiga kelele waletewe bendi. Dada wa manyanga akaendelea kuimba huku ananiangalia.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho sijawahi kukifanya kwenye harusi hata moja. Badala ya kupandisha, nikashusha masta, ile sauti kuu ya spika zote. Nikaishusha taratibu mpaka spika zikawa zinanong'ona, kisahani nikakiondoa karibu chote, nikaacha maiki ya kifuani na gitaa kavu kidogo. Kwa sekunde kama kumi ukumbi ulidhani mitambo imezima. Watu wakaanza kunyamazishana wenyewe. "Shhh, sikia." Kisha nikasikia viti vinaburutwa. Walikuwa wanasogea mbele.

Wimbo wa pili waliusikiliza hivyo, wamekaa karibu na jukwaa kama watu wanaota moto. Na ile "wooo" ikatoka. Katikati yake treni ikapiga honi kule stesheni, mzee akanyamazisha nyuzi kwa kiganja, akaiacha ipite, akaendelea pale alipoishia. Hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Walisubiri naye.

Mdau wa Urambo

Nimesoma huku nimesimama. Fundi, ila wateja wetu wanataka muziki wa kutikisa kifua. Ukishusha sauti mtu anakwambia mitambo yako mibovu. Unawaambiaje? Halafu ulivyowapandisha bendi ya roki baada ya sauti ndogo hivyo, haikuwa kama ngumi?

Mleta uzi

Swali la fundi mwenzangu hili, naona.

Tuelewane kwanza kuhusu sikio. Ili watu waone sauti imekuwa maradufu, unahitaji kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 zaidi, na hizo ni wati mara kumi. Mwenye spika za wati 1,000 anatakiwa awe na wati 10,000. Hakuna kati yetu mwenye nazo. Kwa hiyo ukianza juu saa moja jioni, saa tatu huna pa kwenda, na masikio ya watu yameshachoka. Sikio lililopigwa sana linajifunga kidogo, ndiyo maana ukitoka disko unasikia watu kama wako ndani ya pipa. Unapandisha, linajifunga zaidi, unapandisha tena, mwishoni unachoma spika ya mtu.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 ukipimwa kwa dakika 15. Kuna programu za bure za kupimia kwenye simu. Haziko sahihi sana lakini zinakuonya. Mimi harusi zangu nimeshapima nikakuta nimepita hapo, na watoto wadogo wamelala kwenye viti vya mbele karibu na spika. Tangu nione hivyo nawaomba kina mama wawasogeze nyuma, na spika naziinua juu ya vichwa.

Faida ya kuanza chini niliiona siku ile. Bendi ilipopanda, kiongozi wao akaja kuninong'oneza, "Bro, tupe yote." Nikamwambia niamini nyimbo mbili za kwanza. Nikawaanzisha juu kidogo tu ya pale alipoishia mzee. Masikio ya watu yalikuwa yamefunguka, wanasikia mpaka kucha ya mpiga besi ikigusa uzi. Wimbo wa tatu nikapandisha kidogo. Wa tano kidogo. Walipofika kwenye ule wa mama wa stesheni, pale kwenye mkwaruzo, nikawapa ile "yote" aliyoitaka, na ukumbi ukasimama. Sikuwa nimefika hata robo tatu ya mitambo. Ngumi ilikuwepo, ila ilikuja mahali pake.

Kwa hiyo nikijibu la kwanza: sikumwambia mteja kitu. Nilimwacha asikie.

Mdau wa Kigoma, Mwanga

Fundi, hili linanikumbusha stori ya Bob Dylan aliyezomewa kwa kuleta gitaa la umeme kwenye tamasha la muziki wa jadi. Ndiyo hiyohiyo?

Mleta uzi

Ndiyo mkuu, Newport, Marekani, tarehe 25 Julai 1965. Watu walikuwa wamemzoea na gitaa kavu na harmonika, yeye akapanda na bendi ya umeme, wakapiga nyimbo tatu. Wengine walishangilia, wengine walizomea, na mpaka leo wanabishana kama walizomea usaliti au walizomea sauti mbovu iliyomeza maneno. Mimi kama fundi naegemea sauti mbovu, japo naelewa wanaosema moyo uliuma. Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata: alirudi peke yake na gitaa kavu, akapiga mbili. Umeme ulitangulia, ukavu ukaja nyuma kuponya. Siku yetu ilikwenda kinyume na hapo, na naona mpangilio wetu ulikuwa bora, kwa sababu aliyekuja na zeze aliwafundisha watu kusikiliza kabla umeme haujaingia.

Sasa nimalizie kipande cha mwisho, maana kuna mtu ameniuliza kwa ujumbe wa pembeni kama mzee alirudi jukwaani. Alirudi.

Bendi ilibakiza wimbo mmoja. Kiongozi wao, yule mwalimu, akashuka akamfuata mzee alipokaa, akapiga goti kidogo, akamwomba wapige wote. Mzee akakubali, wakapanda. Tatizo likaonekana palepale. Zeze halikubaliani na magitaa. Nyuzi zake hazikai kwenye noti za mashine yetu ya kutuni, ziko katikati ya noti na noti. Mpiga solo akamwambia mzee kwa upole, "Babu, ungepandisha kidogo huu uzi." Mzee akamjibu kwamba uzi akiupandisha kibuyu hakitaitika. Na ni kweli, kibuyu kina sauti yake moja kinayoipenda, ukitoka hapo kinakuwa kopo.

Ukumbi umejaa, watu wanasubiri. Mwalimu akafungua programu ya kutuni kwenye simu yake, akamwomba mzee apige uzi mmoja wazi, akacheza na namba. Magitaa kwa kawaida yanatuniwa noti ya A ikiwa hezi 440, yaani mitikisiko 440 kwa sekunde. Akaishusha mpaka 429 ndipo zeze likakaa. Ni karibu robo ya toni chini, jambo dogo ukilitazama kwenye namba, lakini ukipiga vyombo viwili vyenye tofauti hiyo meno yanauma. Akawageukia wenzake: "Tushuke sisi."

Wakashuka. Solo, rizimu na besi, nyuzi kumi na sita, moja baada ya nyingine, mbele ya watu, kwenye maiki iliyo wazi. Kama dakika nne. Nilitamani nizime maiki niweke muziki wa simu kujaza, kama ninavyofanya harusini bwana harusi akichelewa. Mkono ulishafika kwenye kitufe, nikaurudisha. Dada wa manyanga akaanza kupiga taratibu, chi, chi, chi, na watu wakaingia na makofi kwenye pigo lilelile. Kila gitaa likimaliza linaingia kwenye mdundo. Wimbo ukawa umeanza kabla hawajatangaza kwamba wanaanza.

Sitaweza kuuelezea. Nitasema tu kwamba magitaa yakiwa pale chini yanakuwa mazito, nyuzi zinalegea kidogo, mkwaruzo unakuwa kama wa mtu aliyeamka, na katikati yake ile "wooo" inaelea. Niliacha kugusa miksa. Hakukuwa na cha kurekebisha.

Mdau wa Igunga

Mkuu nafuta kauli yangu ya makelele. Una rekodi yoyote? Na hela za mlangoni waligawanaje mwishowe, soda ilibaki soda?

Mleta uzi

Rekodi ninayo ya simu iliyokaa juu ya miksa, nimewaachia wenyewe waamue, kazi ni yao. Mzee naye lazima aulizwe. Zile nyimbo ni za ukoo na siyo zote ni za kurushwa mtandaoni.

Hela: walitoa ya ukumbi, ya spika na ya kwangu. Iliyobaki mwalimu aliimwaga mezani, akahesabu vichwa. Bendi wanne, kikundi cha kutangulia watatu. Akagawa kwa saba, noti kwa noti, chenji akampa kijana aliyekaa mlangoni. Mmoja wa walioandika ile karatasi alikuwepo, hakusema neno. Sijamsema kwa ubaya, yeye alifuata tunavyofanya wote.

Mdau wa Urambo

Na kile kisahani, umekirudisha kwenye saa?

Mleta uzi

Kiko palepale chini ya ubao. Baada ya onyesho nilitaka kukibandua na kuikwangua nta, mzee akanizuia. Wamealikwa kwenu Urambo mwezi ujao, vikundi vyote viwili. Kasema nije na waya tu.